Maswali ya Wasomaji: Lile Ambalo Tangazo Halikulisema

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu alitutaka tuchambue tangazo moja la zamani la biashara. Nilichagua tangazo la sigara lenye picha ya daktari, nikaandika kwamba linatumia sifa ya mtaalamu, takwimu na hisia. Kazi ilirudi ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: “Umetaja, hujachambua.” Naomba nielezwe tofauti yake.

Jibu: Ndugu msomaji, mwalimu wako hakukuonea. Mgawanyo ulioutumia ni wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeeleza kwamba msemaji hushawishi kwa namna tabia yake inavyoonekana mbele ya hadhira, kwa hisia anazoziamsha na kwa hoja yenyewe. Wanafunzi wengi hukariri hayo matatu na kukomea hapo. Hata hivyo, mwanafalsafa huyohuyo aligusia jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina manufaa makubwa zaidi kwa mtu anayechambua matangazo: msemaji hodari mara nyingi haitamki hoja yake yote, bali huacha sehemu ambayo anajua wasikilizaji wanayo tayari vichwani mwao, nao wakaijaza wenyewe. Kuchambua ni kulitafuta pengo hilo na kuandika kwa maneno yako kile kilichojazwa.

Kwa kuwa ulichagua sigara, tulitazame kwa karibu tangazo la Camel lililoanza kuchapishwa Marekani mwaka 1946. Lilidai kwamba madaktari wanaovuta Camel ni wengi kuliko wanaovuta sigara nyingine yoyote, na baadhi ya matoleo yake yaliongeza kwamba waliohojiwa walikuwa madaktari 113,597. Isome kauli hiyo polepole. Haisemi kwamba sigara haina madhara. Haisemi kwamba kuna daktari aliyemshauri mgonjwa wake avute. Haisemi hata kwamba madaktari wengi ni wavutaji, kwa maana inalinganisha chapa na chapa miongoni mwa wale wanaovuta tu. Ila msomaji anapoliona koti jeupe, anaongeza mwenyewe sentensi isiyokuwepo ukurasani, kwamba mtu anayeujua mwili wa binadamu hawezi kutia mapafuni mwake kitu kinachodhuru. Sentensi hiyo haikuandikwa na mtangazaji. Imetungwa na msomaji, na kwa kuwa ni yake, haoni sababu ya kuibishia.

Itazame pia ile tarakimu 7 ya mwisho. Lau wangeandika “zaidi ya laki moja”, msomaji angeshuku kwamba ni makisio ya mtu aliyeketi mezani. 113,597 inamfanya aone wahojaji wakipita mlango kwa mlango na madaftari yao. Hapo takwimu haifanyi kazi ya hoja, bali inajenga imani kwa msemaji, ndiyo maana kuiweka chini ya kichwa cha “takwimu” na kuendelea mbele hakutoshi. Mbinu moja inaweza kuvaa nguo ya nyingine, na mchambuzi anatakiwa aseme ni kazi gani hasa inafanywa.

Kwa hiyo, badala ya kuandika “Tangazo linatumia sifa ya mtaalamu”, jaribu hivi: “Tangazo linamweka daktari mbele ya msomaji ili msomaji ahitimishe mwenyewe kwamba sigara hii ni salama, hitimisho ambalo maneno ya tangazo hayalidai popote.” Utaona kwamba sentensi ya pili inaweza kubishaniwa, na mwalimu wako anaweza kuidai ushahidi. Ile ya kwanza haibishaniki kwa sababu haijasema kitu.

Pengo si lazima liwe la maneno. Tangazo la Volkswagen la mwaka 1959 nchini Marekani liliacha karibu ukurasa mzima ukiwa mtupu, gari likachapishwa dogo mno upande wa juu, na kichwa cha tangazo kikawa maneno mawili tu: “Think small.”, yaani “Waza udogo.” Katika nchi iliyozoea magari marefu yanayong’aa, ule utupu ulimwalika msomaji ajione mwerevu kuliko jirani yake, bila tangazo kumtaja jirani huyo hata kidogo.

Swali: Mhariri, matangazo nayaelewa, lakini katuni za magazetini zinanishinda. Mtu anachora kiongozi mwenye pua kubwa, watu wanacheka, basi. Hoja iko wapi hapo? Tena nikikutana na katuni ya zamani sicheki kabisa.

Jibu: Hoja iko ndani ya pua. Mchora katuni anapokuza kiungo kimoja na kuviacha vingine, ameshatoa hukumu juu ya mtu huyo, naye anakuomba wewe uitie sahihi kwa kucheka. Kisa kinachoonyesha jambo hilo vizuri kuliko maelezo yoyote ni cha Charles Philipon, aliyekuwa na gazeti la vibonzo jijini Paris na ambaye mwaka 1831 alishtakiwa kwa kumkashifu Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa. Mahakamani alichora picha nne mfululizo. Ya kwanza ilikuwa sura ya mfalme, mashavu mazito na nywele zilizokusanywa juu kwa ncha. Katika ya pili na ya tatu mashavu yalizidi kushuka na paji la uso likazidi kufinyaa, hadi ya nne ikawa peasi, lile tunda lenye shingo nyembamba na kitako kipana. Akawauliza wanaomhukumu: ikiwa picha ya kwanza si kosa, basi kosa limeanzia wapi, na je, watalifunga tunda?

Hawakulifunga tunda, walimfunga yeye miezi sita na kumtoza faini ya faranga 2,000. Lakini ona alichokifanya. Peasi yenyewe haina jina la mfalme wala taji, hivyo kila aliyekasirishwa nayo alilazimika kwanza kukiri moyoni kwamba tunda lile linafanana na mfalme wake. Pengo lilijazwa na mahakama yenyewe. Baadaye peasi zilichorwa kwenye kuta za Paris na watu ambao huenda hawakuwahi kulishika gazeti la Philipon, na mnamo Septemba 1835 serikali ikapitisha sheria iliyotaka kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapishwa, sharti ambalo maandishi ya magazeti hayakuwekewa. Mimi huichukua sheria ile kama sifa kubwa kuliko zote ambazo wachora katuni wamewahi kupewa na watawala.

Sasa, kwa nini katuni ya zamani haikuchekeshi? Kwa sababu pengo limebaki na kijazio chake kimetoweka. Mwaka 1754, katika gazeti la Pennsylvania Gazette, Benjamin Franklin alichapisha mchoro wa nyoka aliyekatwa vipande 8, kila kipande kikiwa na herufi za makoloni ya Kiingereza ya Amerika, na chini yake maneno “Join, or Die”, maana yake “Unganeni, au mfe”. Leo tunaona nyoka aliyekufa, jambo hilo limekwisha. Inaelezwa kwamba zama zile palikuwa na imani kuwa nyoka aliyekatwa huweza kuwa hai tena vipande vyake vikiunganishwa kabla jua halijatua. Mwenye imani hiyo kichwani aliona kitu kingine kabisa, yaani mwili ambao bado una saa chache za kuokolewa.

Zingatia pia tarehe. Mchoro huo ulipotoka, adui aliyehofiwa alikuwa Mfaransa na washirika wake. Ulipofufuliwa mwaka 1765 na tena miaka ya 1770, adui alikuwa serikali ya Uingereza yenyewe. Mistari ni ileile, hoja imegeuka. Ndiyo sababu mimi siandiki neno hata moja juu ya katuni kabla sijajua ilitoka lini na msomaji wake wa wiki ile alikuwa ametoka kusikia habari gani. Nikishajua hayo, ndipo ninapoangalia ni nani amechorwa mkubwa, ni nani amepewa mgongo, na ni kitu gani mchoraji ameona lazima akiandikie jina kwa kuogopa kwamba hatutakitambua.

Swali: Ikiwa msomaji ndiye anayejaza pengo, je, mtangazaji hawezi kulaumiwa?

Jibu: Kulaumiwa anaweza, kushtakiwa ni vigumu zaidi, ingawa siku hizi Marekani na Umoja wa Ulaya hupima pia taswira ya jumla ambayo tangazo linamwachia mnunuzi, na si maneno yake peke yake. Kampuni moja ya London iliponzwa na kulijaza pengo kwa mkono wake. Mwaka 1891 ilitangaza kifaa cha kuvuta moshi wa dawa kiitwacho Carbolic Smoke Ball, ikaahidi pauni 100 kwa mtu atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa kisha akapatwa na homa ya mafua, na ikaongeza kwamba imeweka benki pauni 1,000 kuthibitisha nia yake. Louisa Carlill alikitumia kama alivyoelekezwa, akaugua, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba yale yalikuwa majigambo ya kibiashara ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeyachukulia kama ahadi. Laiti ingechora tu familia yenye afya ikitabasamu kando ya kifaa, pengine utetezi huo ungesimama. Lakini katika hukumu ya mwaka 1892, Mahakama ya Rufaa ilizielekezea kidole zile pauni 1,000 za benki, na Bi Carlill akapata pauni zake 100.