Muziki wa Mute City si mpya

Ndugu, umeuliza kama muziki wa barabara ya Mute City kwenye Mario Kart 8, geme ya Nintendo ya mbio za magari, ulitungwa kwa ajili ya geme hiyo. Hapana. Ni wa F-Zero, geme nyingine ya mbio ya Nintendo, iliyotoka Japani Novemba 1990 kwa mashine yao ya geme, Super Famicom, na aliyeutunga ni Yumiko Kanki. Jina lake halitajwi inavyostahili, na hilo linaniuma.

Anza na ule wa 1990. Chipu ya sauti ya mashine ile ilikuwa na njia nane tu, yaani sauti nane kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Sikiliza besi inavyokimbia bila kupumua, halafu melodi inakuja juu yake kama makanga anayerukia matatu ikiwa tayari imeondoka. Hakuna noti ya bure pale.

Mwaka 1998 F-Zero X, geme nyingine ya mfululizo huo, ikaupeleka kwenye roki nzito, magitaa yanakwaruza mwanzo hadi mwisho. Watu wengi huupenda huo kuliko yote. Mimi naona melodi inazama kidogo. Muziki huo ukaingia pia kwenye geme ya mapigano ya Super Smash Bros. Melee, 2001.

Ule uliousikia wewe kwenye Mario Kart 8 ni wa Novemba 2014, ulipigwa na bendi ya watu halisi. Kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio muziki unaongezwa kasi, na hapo ndipo unanoga kweli. Tafuta spika yenye besi ya maana, maana zile za simu zinaumeza, kisha usikilize ule wa 1990 na huu mmoja baada ya mwingine.