Uliza Wakili: Nyumba yako na mkopo wa haraka

SWALI: Asalaam aleikum wakili. Kaka yangu anaishi Charlotte, North Carolina, Marekani, na nyumba yake bado anailipia. Amepigiwa simu na mtu anayemshawishi achukue mkopo mpya juu ya nyumba hiyo, alipe ule wa zamani pamoja na madeni yake ya kadi za mkopo, na pesa zitakazobaki atume huku tumalizie nyumba ya mama. Ameambiwa atie sahihi Ijumaa hii, la sivyo riba itapanda. Yeye anasema Marekani kuna sheria, hawezi kudhulumiwa. Ni kweli? – Dada mtu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Sheria zipo, tena za ngazi mbili juu ya jambo moja: za serikali kuu, yaani shirikisho, na za jimbo. Lakini sheria hizo hazimshiki mtu mkono asitie sahihi. Zinampa karatasi za kusoma na siku za kufikiri, na huyo wa kwenye simu anachotaka ni siku hizo zipite bure.

Kabla ya sahihi, mkopeshaji lazima amfikishie karatasi ya gharama za mwisho angalau siku 3 za kazi mapema. Kaka aiweke kando ya ile ya makadirio aliyopewa mwanzo, asome mstari kwa mstari. Ada ambayo haikuwepo juzi na leo ipo, aiulizie kwa maandishi.

Baada ya sahihi anapata siku nyingine. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu ukweli katika mikopo inamruhusu aliyeweka rehani nyumba anayoishi kuuvunja mkopo wa namna hii mpaka saa sita usiku wa siku ya 3 ya kazi, bila kutoa sababu. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali hazimo. Akitia sahihi Ijumaa na hakuna sikukuu katikati, ana mpaka Jumanne usiku. Atapewa nakala 2 za ilani ya haki hiyo. Ajaze moja, atie tarehe na sahihi, aipeleke posta kabla muda haujaisha. Ikishatumwa imehesabika, hata kama itafika wiki ijayo. Asipopewa ilani kabisa, haki hiyo yaweza kuendelea hadi miaka 3. Ajue pia mipaka yake: haipo kwa mkopo wa kununulia nyumba, na mkopeshaji akiwa ni yuleyule wa zamani, inagusa zile pesa mpya peke yake.

Sasa jimbo lake. North Carolina ndiyo iliyotangulia majimbo mengine kutunga sheria pana dhidi ya mikopo ya kinyonyaji, mwaka 1999. Kulikuwa na mchezo wa kumbadilishia mtu mkopo mara kwa mara, na kila ukibadilishwa, ada mpya zinapachikwa juu ya deni, mpaka thamani yote aliyojiwekea ndani ya nyumba inaliwa. Sheria ile ilikataza kumbadilishia mtu mkopo wa nyumba bila faida ya kweli kwake. Ikakataza bima ya mkopo inayolipwa kwa mkupuo na gharama yake kupachikwa juu ya deni. Kwa mikopo yenye gharama kubwa mno, ikataka mkopaji apate ushauri kwanza. Basi kaka amuulize huyo bwana: ukiondoa ada zenu zote, mimi napata nini?

Halafu ikaja sheria ya shirikisho ya 2010 iitwayo Dodd-Frank, baada ya soko la nyumba kuporomoka na watu wengi kunyang'anywa makazi. Hiyo inamlazimu mkopeshaji kuhakikisha, kwa nyaraka, kwamba mkopaji anaweza kulipa. Mtu akimwambia kaka aandike mshahara mkubwa kuliko wake "ili fomu ipite", akate simu.

Kinachonitia hofu zaidi ni zile kadi. Leo hii, deni la kadi halina rehani ya nyumba. Wanaweza kumshtaki, kumsumbua, lakini nyumba hakuiweka mezani kwao. Akilichanganya na mkopo wa nyumba, deni la mafuta ya gari na viatu vya watoto linaiweka nyumba yake rehani. Atafute mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya kule, kabla ya Ijumaa. Na mama, namjua kwa barua yako tu, lakini sidhani atafurahia kuezekewa Kisauni kwa hatari ya wajukuu kutolewa nje Charlotte.

SWALI: Mume wangu alichukua mkopo kwa hati ya nyumba tunayoishi. Hati ina jina lake. Mimi sikutia sahihi popote. Sasa imekuja barua ya miezi 3, na juzi mtu kaja kuipiga picha nyumba. Naambiwa sina haki kwa kuwa hati si yangu. – Mama watoto, Mikindani

JIBU: Aliyekuambia hivyo amekudanganya, mamangu. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu mpaka mwenzi anayeishi humo atie sahihi au kuwe na ushahidi kwamba aliridhia. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati na uombe nakala ya rehani iliyosajiliwa. Tazama vizuri mahali pa ridhaa ya mwenzi. Nimewahi kuona pale sahihi ya mwanamke ambaye hajapata kuketi mbele ya wakili yeyote.

Barua ya miezi 3, inayompa mkopaji muda huo alipe alichochelewesha, ni hatua ya mwanzo. Deni lisipolipwa, hufuata ilani ya kuuza ya siku 40, kisha dalali naye hutoa siku 45. Nyumba lazima ithaminiwe kabla ya mnada. Na kama mkopo ni wa benki, riba inayodaiwa baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku ulipokwama: ukikwama ukiwa na shilingi 1,000,000, riba ikomee 1,000,000 nyingine.

Usingoje mnada. Nyundo ikishagonga, kwa kawaida unachobaki nacho ni kudai fidia, nyumba imeshakwenda. Wakili wako aombe zuio mahakamani sasa hivi, barua ikiwa bado mbichi. Na umwambie mumeo ukweli huu: rehani ikibatilishwa, deni bado ni lake. Akae na mkopeshaji wapange upya malipo, kwa maandishi.

SWALI: Nina nyumba bila ardhi Majengo, yaani nyumba ni yangu lakini kiwanja si changu. Mkopeshaji anataka nimwandikie mkataba wa mauziano kama dhamana. – Mzee wa Majengo

JIBU: Usiuandike, mzee wangu. Mkopo ni mkopo na mauzo ni mauzo. Siku ukichelewa, atakuja na karatasi inayosema ulimuuzia, na sahihi itakuwa yako. Adai mkataba wa mkopo wenye kiasi, riba na tarehe. Akikataa, tafuta mwingine.