Siagi ya kamba inaachia maji, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anti. Jumamosi tuna kapati ka kumuaga mdogo wangu, wageni kama 20 hivi, nikasema nitengeneze siagi ya kamba ya kupaka kwenye vipande vya mkate watu waanzie hapo kabla ya msosi wenyewe. Jana nikajaribu, nikachemsha kamba nikawasaga kwenye blenda na siagi niliyoiyeyusha pamoja na maji ya ndimu nzima, ikatoka kama uji nikaitia kwenye friji, asubuhi naifungua maji yako chini, siagi juu imekuwa ngumu kama sabuni na ladha ya kamba siisikii kabisa. Nimekosea wapi? Na naweza kuiandaa Ijumaa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya la maana sana kujaribu mapema. Tatizo lako ni maji. Utamu wa kamba umeishia kwenye ile supu uliyoimwaga, halafu maji ya kamba na ya ndimu hayashikani na siagi, hata kama blenda imeyachanganya yatatafuta tu pa kutokea.

Chukua kamba gramu 600 wenye vichwa na maganda, ukishawamenya utabaki na kama 300, watoe ule uzi mweusi wa mgongoni, na tafadhali maganda usitupe maana fleva yote unayoitafuta imekaa humo. Siagi isiyo na chumvi gramu 200, nusu iache nje ilainike yenyewe, nusu iyeyushe kwenye kikaango na yale maganda na vichwa, moto mdogo kabisa dakika 10, ukiviponda ponda na mwiko, utaona siagi inageuka rangi ya chungwa na jikoni kote kunanukia. Chuja. Hiyo iache ipoe mpaka ianze kuganda, isije ikaiyeyusha ile nyingine.

Kamba wenyewe wafute kwa kitambaa mpaka wakauke kweli, wakaange na kijiko kimoja cha hiyo siagi ya maganda na punje moja ya kitunguu saumu, dakika 2 au 3 zinatosha, akijikunja nusu duara na kuwa wa pinki mtoe, ukimwacha mpaka akajiviringisha kama pete ameshakuwa mpira. Wapoe kabisa ndipo uwakatekate kwa kisu. Blenda achana nayo, inawafanya uji na mtu anayekula anataka akutane na kinyama mdomoni.

Piga siagi zote mbili kwa mwiko mpaka ziwe laini kama krimu, tia kamba, pilipili manga, kungumanga kidogo sana, na ndimu kwaruza ganda la nje tu maana harufu nzuri iko huko, maji yake kijiko kimoja cha chai na unadondosha kidogo kidogo huku unakoroga. Chumvi mwisho, uonje kwanza. Hapo kila mgeni anapata vipande viwili vidogo bila shida.

Ijumaa fanya, tena inakuwa tamu zaidi ikilala, ifunike vizuri tu. Siku yenyewe itoe kwenye friji nusu saa kabla ndiyo itapakika, ila isikae mezani zaidi ya masaa 2, na kama kuna joto kali saa 1 tu, kwa hiyo mimi ningetoa nusu kwanza, nyingine ibaki kwenye baridi. Na wageni uwaambie mapema kwamba ni kamba, kuna watu mzio wake unawapeleka hospitali na kwa macho hawawezi kujua.

SWALI: Anti, kamba sipati, kaa wa kopo anafaa?

JIBU: Anafaa sana, na huna kazi ya kukaanga. Mkamue kwa mkono mpaka asidondoshe hata tone, papasa vipande vya gamba uvitoe, halafu mchanganye na siagi laini kwa uma, taratibu asivunjikevunjike. Yeye ni mtamu kwa asili kwa hiyo ongeza ndimu kidogo na pilipili. Samaki wa moshi naye anakubali, huyo ukimtoa miiba yote umemaliza, ila chumvi usiiguse kabisa mpaka uonje.