Maswali na Majibu: Chuo Kimefungwa, Logibuku Tupu

Barua za safari hii karibu zote ni za migomo. Ule wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma Kenya mwaka 2025 ulikula siku 49, na wanafunzi wetu wa uuguzi bado wanaulipia kwenye logibuku, lile daftari ambamo msimamizi husaini kila kazi ya wodini aliyokuona ukiifanya. Nimechagua haya.

Shikamoo Mwalimu. Wahadhiri wakigoma tena, nibaki hosteli au nirudi nyumbani Taita? (Mwaka wa 2)

Marahaba. Kama huna wa kukulisha mjini, nenda nyumbani. Beba vitabu.

Wauguzi wa kaunti wakigoma, hospitali hutuomba wanafunzi "tusaidie kidogo" wodini. Tukikataa tunaonekana wavivu. Tufanyeje? (Mwaka wa 3)

Kataeni, kwa adabu. Kazi ya uuguzi ni ya aliyesajiliwa na mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi. Wewe unamgusa mgonjwa kwa sababu mwenye leseni amesimama nyuma yako. Akitoka getini, ruhusa yako imetoka naye.

Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia 5 Juni hadi 2 Novemba. Miezi mitano! Hebu chukua mama mmoja tu wa kifafa cha mimba aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya kila dozi ugonge goti uone kama linaruka, uhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, upime mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Goti lisiporuka, dozi haitolewi, daktari anaitwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi mwilini, iwe mkononi. Saa tisa za usiku, uko peke yako, utamwita nani? Likitokea la kutokea, huyo aliyesema "kidogo" hatakujua.

Mwandikie mkufunzi wako, kwa karatasi si kwa simu, uombe kupangiwa hospitali ya misheni isiyo kwenye mgomo. Wahi. Wenzako nao wanaziomba nafasi hizo hizo.

Je, video za YouTube zinatosha kujifunza kuweka kanula (kile kimrija cha mshipani)?

Hazitoshi. Zitakupa mpangilio wa vifaa na hatua. Hazitakupa ule mshipa unaobonyea na kurudi chini ya kidole (ukidunda, hiyo ni ateri, iache), wala mkono wa mtoto anayejipinda huku mamake akikukodolea macho.

Muda tuliokaa nyumbani, tutarudishiwa karo?

Nenda ofisi ya fedha. Mimi ni mkunga.

Mwalimu, nimebakisha sahihi chache za kuzalisha. Naomba rafiki aliyemaliza anijazie logibuku, nitajifunza nikiajiriwa. Kuna ubaya?

Swali hili haliishi kuletwa, kila mara na jina jipya. Upo ubaya. Utajifunza kwenye mwili wa nani? Sahihi hiyo ni ushahidi kwamba mtu alikuona ukizalisha, na rafiki yako hakuwepo.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya wanafunzi. Machi 2020 tulipofungwa kwa sababu ya korona, darasa lilihamia Zoom, wodi haikuhamia. Chuo kikifunguliwa, majuma ya wodini ndiyo ya kwanza kubanwa ili mahafali yasisogezwe, kisha mnashangaa logibuku zinajazwa chini ya mwembe. Kidai chuo majuma yako ya leba, yaani wodi ya kuzalishia, hata kama mahafali yatakupita.

Nimekaa nyumbani miezi miwili, nimesahau kila kitu. Nianzie wapi?

Hujasahau kila kitu. Funga daftari, andika unachokumbuka, kisha lifungue uone ulipoteleza. Kusoma kurasa zilezile ukizipaka rangi ya njano ni kujidanganya.

Hesabu za dripu, kila siku. Mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: ni matone 42 kwa dakika. Ukipata 125 umekomea kwenye mililita kwa saa, hujafika kwenye matone.

Na yafuteni yale manoti ya zamani mnayorushiana WhatsApp. Bado yanasema uchungu wa kasi unahesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. WHO, Shirika la Afya Duniani, ilisema 5 tangu 2018, na chati yake mpya ya uchungu ikatoka 2020. Muulize mkufunzi wodi yenu inatumia ipi, kabla ya mtihani.

Nimepata kibarua kwenye duka la dawa wakati wa mgomo. Mwenye duka anataka nidunge wateja sindano.

Uza sabuni na pampasi. Kuhusu sindano, soma nilivyomjibu mwenzako wa mwaka wa 3.