Jogoo mpya akae pembeni kwanza

Kubadilisha jogoo ni jambo la maana. Jogoo mmoja akitawala banda miaka mingi, anaishia kupanda binti zake na wajukuu zake, vifaranga wanadumaa na mayai mengi yanagoma kuanguliwa. Huku kwetu Chanika wanaotaka umbo kubwa hutafuta kuchi, aina ya kuku warefu wenye maungo makubwa, wengine hununua majogoo wa Singida yanapoteremshwa matenga mjini. Sina ugomvi na hilo. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kumfungua jogoo miguu na kumwachia hapo hapo katikati ya mitetea.

Fikiria ametokea wapi. Mdondo, ugonjwa wa virusi ambao wengine huuita kideri, hushamiri zaidi wakati wa kiangazi. Habari za kuku kufa zikianza kusikika kijijini, mwenye kuku anaamua kuuza leo kabla hajazika kesho. Simlaumu, kuku ndio akiba yake. Lakini ndiyo maana sokoni kunaweza kuwa na majogoo wazuri kwa bei nafuu katika miezi ambayo ni ya hatari kuliko yote. Muuzaji akikuambia, "Mama, huyu mzima kabisa, ona alivyo mkali," huenda anasema kweli kwa anachokiona. Kuku aliyeambukizwa juzi bado ana upanga mwekundu na anakula vizuri.

Ugonjwa huo hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya kujionyesha, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu hadi siku 21. Mimi nashika hiyo 21 kama kiwango cha chini. Wiki moja ambayo wengi huiona inatosha haitoshi.

Kazi inaanza kabla hujaenda sokoni. Chanja kuku wa nyumbani angalau wiki mbili kabla, ili kinga iwe imeshajengeka. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jogoo mwenyewe mwache apumzike siku chache ndipo umchanje, na usitegemee chanjo imwokoe kama tayari virusi vimo mwilini.

Pa kumweka ndipo watu wanaposhindwa. Tenga halifai kwa wiki tatu. Banda dogo la mbao na wavu, kama mita moja kwa moja, linamtosha jogoo mmoja. Liwe mbali na kuku wengine kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na maji ya mvua yasitiririke kutoka kwake kwenda kwao. Angalia na upepo: Dar es Salaam wakati wa kaskazi unatoka upande mmoja, wakati wa kusi unatoka mwingine, na jogoo mgeni akae pale upepo unapoishia. Kiwanja kikiwa kidogo, omba msaada kwa ndugu asiyefuga kuku. Mimi majogoo wangu hukaa kwa dada yangu, ambaye uani kwake hakuna hata kifaranga, na nalala usingizi.

Vyombo vya maji na chakula viwe vyake peke yake. Kila siku hudumia kuku wako wa zamani kwanza, mgeni awe wa mwisho, halafu nawa kwa sabuni. Tenga malapa ya kuvaa kwake tu, kwa sababu kinyesi kinasafiri kwenye soli. Watoto waelezwe, maana wao ndio wanaokimbia kutoka banda hili hadi lile. Na tenga alilokuja nalo lisiingie uani, lichome. Utitiri hujificha mchana kwenye nyufa kama za tenga na kutoka usiku kunyonya damu.

Siku ya kwanza mpe maji safi mapema, chakula kidogo kidogo, na kivuli. Mkamate jioni akiwa ametulia umkague. Inua mkia na mabawa uone chawa. Tazama kuzunguka macho na kwenye upanga, kuna viroboto wanaojishikiza pale kama vidoa vyeusi. Magamba ya miguu yakiwa yamenyanyuka na kuwa meupe kama unga, kuna wadudu chini yake: osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki, paka mafuta mazito ya mgando, rudia kila baada ya siku chache. Dawa ya minyoo mwulize afisa mifugo, naye atakupa kipimo kulingana na uzito.

Baada ya hapo ni kutazama. Tandika kiroba sakafuni ili asubuhi uone kinyesi vizuri. Kinyesi cha kawaida kimeshikana na kina weupe juu, cha kijani chenye majimaji kinatisha. Nenda pia usiku, redio na watoto vikiwa vimetulia, usimame kimya karibu naye. Kukoroma na kupiga chafya ambako mchana hukusikii, usiku utakusikia. Wengi huja kimya na kuanza kuwika baada ya siku kadhaa. Nafurahi nikisikia sauti imefunguka, ila sipunguzi hata siku moja kwa ajili hiyo.

Akifa, au shingo ikianza kupinda, usimchinje. Damu, manyoya na maji ya kunyonyolea vitasambaza kilichomuua. Mwite afisa mifugo, na mzoga uzikwe kwenye shimo refu au uchomwe.

Kuna ugonjwa ambao kusubiri peke yake hakuufichui, nao ni mafua makali ya kuku, yale ya uso kuvimba na makamasi yenye harufu mbaya. Kuku aliyepona anaweza kubaki amebeba vimelea huku anaonekana mzima. Kwa hiyo wiki tatu zikiisha salama, chukua mtetea mmoja wa nyumbani umweke na jogoo kule kule kwa wiki moja au mbili. Inauma kumchagua, nakiri, lakini akiugua umepoteza mmoja badala ya banda zima.

Na kuku wa kitoweo? Yule aliyenunuliwa kwa ajili ya sikukuu, akafungwa mguu uani alale mpaka asubuhi, naye ni mgeni kamili. Nimeona banda la jirani likimalizika siku chache baada ya kuku wa namna hiyo. Mchinje siku hiyo hiyo, mbali na wenzake, au usimlete angali hai.

Kuhusu jogoo wa zamani, mwondoe siku ile ile mgeni anapofika karantini. Mtetea anaweza kuhifadhi mbegu za jogoo wiki mbili, hata tatu, kwa hiyo kipindi cha karantini kinasafisha pia urithi wa yule wa kwanza. Mayai ya siku hizo ni ya kula. Mgeni akimaliza, mweke siku kadhaa nyuma ya wavu waonane na mitetea, kisha mwingize bandani usiku wakiwa wamelala. Mitetea 8 hadi 10 wanamtosha. Mpe wiki moja ya kuwazoea na kuwapanda, ndipo uanze kuweka kando mayai ya kuatamiwa.