Chuma Kikishuka Ndipo Walleye Anakula

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Pasua, hapa Moshi. Mwaka jana nilimtembelea baba mdogo kule Red Wing, Minnesota, nchini Marekani, akanipeleka kuvua samaki waitwao walleye katika mto Mississippi. Tulitumia vile vyuma vyembamba vyenye umbo la kisamaki na ndoano, vya kumdanganya samaki. Yeye alipata watano, mimi sikupata kitu, na vyuma viwili vikabaki mtoni. Nilikuwa nainua na kushusha kama yeye. Sasa amenitumia vitatu nifanye mazoezi, maana narudi Novemba. Nakosea wapi? Na je, vitafaa kwenye bwawa letu la Nyumba ya Mungu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mto huo naujua. Niliishi miaka minne ng'ambo yake, upande wa Wisconsin, na msimu wangu wa kwanza uliisha hivyohivyo, mikono mitupu.

Kuinua kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kushusha, kwa sababu walleye mara nyingi hukidaka chuma kikiwa kinashuka. Ukiuachia mshipi ukalegea wote, chuma hujipindua, ndoano zake zinashika mshipi wenyewe, na samaki akikila na kukitema huna habari. Ukiukaza mno, chuma kinashuka kama jiwe lililofungwa kamba. Kifuate kwa ncha ya fimbo, mwendo wako uwe mwendo wake, mshipi ubaki umenyooka bila kukibana. Kiguse chini, hesabu moja, mbili, halafu inua tena.

Usisubiri kushtuliwa mkono. Mara nyingi unapoinua unakuta tu kizito, kama kimeshika kitambaa kilicholowa. Hapohapo vuta!

Novemba maji ni ya baridi kali na samaki hakimbizi chakula mbali. Inua shibiri moja tu. Ukisikia chuma kinatetemeka kiganjani, imetosha. Mgongoni kina matundu ya kufungia mshipi: la mbele hutoa mtetemo mwembamba wa haraka, ukitumia la nyuma kinayumba zaidi. Katika baridi mimi huanza na la mbele. Usifunge fundo moja kwa moja kwenye tundu, ukingo wa chuma unakata mshipi, weka kibanio kidogo cha waya katikati.

Vyuma viwili ulivyopoteza nadhani vilipotea kwa sababu mshipi wako ulikwenda mshazari. Walleye wa mtoni hukaa karibu na sakafu, nyuma ya mawe na matuta yanayovunja nguvu ya mkondo, na mshipi wa mshazari unakiburuta chuma mpaka kwenye nyufa za hayo mawe. Mwombe baba mdogo aiachie boti ishuke pamoja na maji, mshipi wako uingie wima. Ukiuona unalala, kunja, tupa upya. Chuma cha gramu 14 kinatosha mkondo ukiwa wa wastani. Ukizidi, panda hadi 21.

Saa za kuvua ni alfajiri na magharibi. Jicho lake lina utando nyuma unaorudisha mwanga, kama la paka, ndiyo maana anawinda vizuri kwenye giza na maji machafu.

Kwa mazoezi, tafuta pipa la lita 200, ulijaze, usimame juu ya stuli ukitazama chuma kinavyoshuka mshipi ukiwa umelegea, ukiwa umekazwa, na ukiwa katikati. Nusu saa hapo itakufundisha kuliko maneno yangu yote, kwa kuwa mtoni hutakiona.

Nyumba ya Mungu? Perege hatakijali chuma chako. Kambale anaweza kukidaka, lakini yeye hutegemea zaidi sharubu na harufu. Mnyoo kwenye ndoano ya kawaida unakishinda. Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Bwawa lile lina nyavu za watu, na ndoano ya ncha tatu ikiingia kwenye wavu inatoka na chakula cha familia. Ukienda, salimia wavuvi kwanza, uwaulize wametega wapi. Chuma kimoja kati ya vitatu kikate ncha za ndoano kwa koleo, mashina yabaki ili uzito usibadilike sana, ndicho ushuke nacho kwenye mtumbwi.