Waya wa breki wa Vespa ya zamani: kwa ninyi mnaoanza ufundi Iringa

Ukiletewa Vespa, kabla hujashika spana muulize mwenye chombo anakaa wapi. Akisema Ipogolo, basi kila jioni anateremka zile kona kutoka mjini, na kule chini anakutana na barabara kuu yenye malori ya kwenda na kutoka Mbeya. Waya utakaoufunga ndio utakaomsimamisha hapo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa bado najifunza, nikapewa Vespa ya mwalimu mstaafu nibadilishe waya wa breki ya mbele. Niliupitisha vizuri, nikakaza kibanio, kile kidude chenye nati kinachoshika ncha ya waya chini kwenye gurudumu, kwa spana moja, nikabana kishikio cha breki mara mbili, ikashika, nikamkabidhi. Katikati ya mteremko waya ulichomoka kwenye kibanio. Mzee alijiokoa kwa breki ya mguu na gia ya pili. Akarudi akisukuma chombo, akaniambia, "Kijana, umeniachia kishikio kitupu." Sikupata la kujibu. Mengi ninayowaandikia hapa yametokana na siku ile.

Kwanza tambua chombo ulichonacho. Vespa aina ya PX ilianza kutoka kiwandani Pontedera, Italia, mwaka 1977, na zile za awali zina breki za dram, yaani ngoma, mbele na nyuma, zote za waya. Za baadaye zina breki ya sahani mbele. Hiyo ni ya mafuta, haihusiani na somo hili. Bajaj Chetak ya India imefuata umbo la Vespa, lakini usichukulie kwamba waya wake utaingia tu. Chomoa waya wa zamani, uende nao dukani, ulinganishe urefu, unene na kichwa. Wa baiskeli usiuguse hata mteja akikwambia hana hela. Ni mwembamba, na kichwa chake hakikai sawa kwenye kishikio.

Sasa angalia waya wenyewe unavyokufa. Haukatiki wote kwa mpigo. Bana kishikio cha mkono wa kulia, mulika tochi pale kichwa cha waya kinapokaa. Ukiona uzi mmoja umesimama kama unywele, na mwingine pembeni yake umeanza kuwa mwekundu kwa kutu, hapo ndipo waya unapopinda kila breki inaposhikwa, na nyuzi zinakwenda moja baada ya moja. Mwenye chombo hahisi kitu hadi zibaki chache. Uzi mmoja ukishakatika, badilisha. Usiupake grisi ukamwambia utamfikisha mwezi ujao.

Kupitisha waya wa mbele ndiko kunakowatisha wengi, kwa sababu unashuka ndani ya bomba la usukani hadi kwenye gurudumu. Fungua kifuniko cha juu cha usukani taratibu, kuna waya wa spidomita umeshikilia hapo, usiunyanyue kwa nguvu. Kama kava la nje bado ni zima, halijapondeka wala kuvunjika, toa waya wa ndani kwa juu, uingize mpya kwa njia ileile. Kama kava nalo limekufa, usilichomoe pamoja na waya. Legeza waya chini, uache mahali pake, telezesha kava la zamani litoke, kisha telezesha jipya juu ya waya huohuo wa zamani. Waya mkongwe unakuwa kamba ya kukuongoza njia. Kava likishakaa ndipo unatoa waya wa zamani na kuingiza mpya. Nimeona vijana wakichomoa vyote kwa pamoja, halafu wanashinda hadi saa kumi jioni wakitafuta tundu gizani.

Kava lisilo na plastiki ndani, paka waya grisi kidogo unapouingiza. Kidogo kweli. Inayozidi inashuka na waya hadi chini kwenye dram, na brekishuu zikishalowa grisi umeharibu kazi yote. Kava lenye plastiki ndani halihitaji grisi.

Kibanio sasa. Zungusha ajasta, ile skrubu ya kurekebisha mkazo wa waya, iingie karibu yote, uache mizunguko miwili, ili baadaye uwe na nafasi ya kukaza. Vuta waya kwa plaizi hadi ulegevu uishe, lakini gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Halafu shika spana mbili: moja inazuia mwili wa kibanio, nyingine inakaza nati. Ukitumia moja, kibanio kinazunguka na waya unajisokota ndani yake. Nyuzi zinajeruhiwa, au unadhani umekaza kumbe hujakaza. Hili ndilo kosa langu la siku ile.

Usikate ncha bado. Bana kishikio kwa nguvu zako zote mara ishirini au zaidi. Waya mpya na kava jipya vinakaa mahali pake, na ulegevu utarudi. Weka alama ya kalamu kwenye waya pale unapotoka kwenye kibanio. Alama ikisogea, waya unateleza, kaza upya. Sogeza ajasta hadi kishikio kiwe na mchezo wa milimita chache tu kabla breki haijaanza kushika.

Kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, huku gurudumu la mbele liko juu na mwenzako analizungusha. Likishika lenyewe upande mmoja, kava limebanwa au halikupita njia yake. Rudi ulipange. Breki inayoshika yenyewe kwenye kona inaangusha mtu, kwa hiyo hapa msimwonee haya mteja aliyesimama pembeni akiangalia saa.

Ncha ikate kwa kikatio kikali, acha kipande kidogo kimebaki, kiyeyushie risasi au kibane kofia ili nyuzi zisifumuke.

Wa nyuma unaanzia kwenye pedeli ya mguu wa kulia na kwenda hadi kwenye injini. Ni mnene zaidi, na kanuni za kibanio ni zilezile. Chunguza tu ile pini ya pedeli, mara nyingi imelika kuliko waya wenyewe.

Jaribu chombo mwenyewe sehemu tambarare, polepole, breki moja moja. Ndipo umwite mwenye chombo. Mwambie arudi baada ya wiki moja ukaze ajasta, bila malipo, na uandike jina lake na tarehe kwenye daftari. Asipokuja, mpigie simu. Masika hii nimewapigia watatu, wawili walikuja siku hiyohiyo, na mmoja kishikio chake kilikuwa tayari kinakaribia kugusa usukani.